Kila ua lina saa yake

Juzi kaja mama mmoja kitaluni, kashuka kwenye bajaji, kazunguka miche yote taratibu, alafu kaniuliza swali ambalo naulizwa karibu kila wiki. "Mwanangu, mi nataka ua lisiloanguka." Nilimwelewa kabisa. Kwa jirani yake kuna mkrismasi mkubwa, mwezi huu wa kumi na moja ndo umewaka, na maua yote yanadondokea uwanjani kwake, kwaio anafagia asubuhi, mchana kumejaa, jioni anafagia tena. Nikamwambia mama yangu, hapa kwangu yote yanaanguka, ila kaa kwanza nikueleze yanafunguka saa ngapi, maana ukishajua saa ya ua utalipenda hata likianguka.

Mimi nimesoma kilimo cha bustani SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, na huu ni mwaka wa 14 nauza miche hapa Tanga. Kitu ninachokiona sana ni kwamba watu wanapanda maua alafu hawayaoni. Mtu anatoka nyumbani kumi na mbili asubuhi anarudi saa mbili usiku, na kapanda haibiskasi mlangoni kwa sababu aliiona kwa mwenzake imependeza. Sasa haibiskasi, hii nyekundu ya kawaida, ua lake moja ni la siku moja tu, linafunguka asubuhi, jioni linajikunja, kesho liko chini, na kesho hiyohiyo limefunguka jingine. Yani huyu bwana anaishi na mti unaomfungulia maua mapya kila siku na yeye anayakuta yamejikunja, labda jumapili ndo anabahatika. Mtu wa hivo mimi nampa asumini.

Asumini ndo ua langu, sifichi. Nimelelewa na bibi, na nyuma ya jiko lake kulikuwa na vichaka viwili, ikifika saa kumi na moja jioni ananiita na kikapu kidogo tunachuma matumba. Matumba, sio maua, hapa wengi wanakosea wanasubiri lifunguke ndo wachume. Unachuma tumba likiwa jeupe limejaa lakini bado limefumba, unalitunga kwenye uzi, na lenyewe litafunguka usiku likiwa kwenye koja au kwenye nywele za mtu, na hapo ndo harufu inatoka. Ua la asumini linawaita nondo, na nondo wanatembea usiku, kwaio mmea hauna sababu ya kumwaga harufu mchana wa jua kali. Ndo maana mtu akirudi saa mbili usiku kachoka, akifungua geti tu, harufu inampokea kabla hata hajawasha taa.

Bibi alikuwa anatunga koja, na siku za harusi ni vikuba, vile vishada vya kunukia vya kuvaa, anachanganya asumini na mrehani na waridi na langilangi, unaweza kujua shughuli iko nyumba gani kwa kufuata pua. Mlangilangi nao una siri yake ambayo wanunuzi wangu wengi hawaijui. Ua linatoka kijani, wanadhani bado ni jani, linakaa hivo siku nyingi linageuka njano polepole, na ukilichungulia ndani kwenye kitako ukaona limepata doa jekundu basi limeiva. Unalichuma alfajiri. Wenzetu wa Ngazidja na Nzuwani, visiwa vya Komoro, wanaoyakamua mafuta ya langilangi kwa ajili ya manukato ya dunia nzima wanawahi shambani hivohivo, jua lisiwatangulie.

(Na mkarafuu je? Ile karafuu unayotia kwenye pilau ni tumba la ua lililochumwa kabla halijafunguka. Mkulima wa Pemba akiona mkarafuu wake umechanua ujue amechelewa.)

Turudi kwa asumini maana simu nyingi zinazokuja ni "dada, mbona langu majani tu?" Mara nyingi ni kivuli. Asumini inataka jua la masaa matano sita, na inatoa maua kwenye machipukizi mapya, kwaio ukimaliza msimu mzuri wa maua chukua mkasi pogoa usione huruma, weka samadi iliyoiva, mwagilia, alafu subiri. Ukitaka kuizalisha huna haja ya kuja kununua kwangu, chukua tawi la chini liinamishe ulizike katikati ncha ibaki nje, likishatoa mizizi unalikata unahamisha. Nawafundisha watu hivi kila siku na bado wanarudi dukani kwa mengine.

Bogenvilia ni kinyume chake, yenyewe inaharibiwa na mapenzi. Kuna nyumba niliitwa, wameipanda ukutani, wanaimwagilia kila jioni, wanaipa mbolea ya yurea, majani kijani kibichi kinang'aa na rangi hakuna. Niliwaambia funga mpira. Bogenvilia ikishikwa na kiu kidogo ndo inachanua, ukiinywesha na kuilisha sana inatoa majani kwa raha zake. Na hata hiyo rangi yenyewe, ile pinki au zambarau unayoiona kwa mbali, ni majani yaliyobadilika rangi. Ua la kweli limo katikati, kajibomba kadogo keupe kama njiti, yako matatu kila fungu. Siku ukichungulia ukayaona mara ya kwanza utakaa pale dakika kumi, mi nilikaa.

Ambaye hana uwanja kabisa, kapanga chumba au yuko ghorofani, namwekea kile kimaua cha zambarau cha kwenye kopo ambacho Ulaya kimejaa madirishani, na huwa nafurahi sana kumwambia kwamba asili yake ni hapahapa kwetu. Mwaka 1892 afisa mmoja wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alikikuta huku akampelekea baba yake Ujerumani, mwaka 1893 kikapewa jina la Saintpaulia. Porini kinaota kwenye mawe yenye kivuli na unyevu, kwaio usikianike juani, kiweke dirisha linalopata mwanga wa asubuhi, na maji weka kwenye kisahani chini kinywe chenyewe, yakikaa juu ya majani yanaacha madoa. Hiki hakina haraka, ua moja linakaa siku na siku.

Sasa kama unataka kuona ua likifunguka mbele ya macho yako, miezi hii ya mwisho wa mwaka tafuta mbuyu. Ni kweli, mbuyu. Kwenye magharibi nenda na watoto, simameni chini, tafuteni tumba la duara linaloning'inia kwenye kikonyo kirefu kama balbu ya umeme. Jua likizama linapasuka, zile petali nyeupe zinajikunjua unaona kabisa zinatembea, ua linakuwa kubwa kama kisahani cha chai, na giza likiingia popo wanakuja kunywa, wao ndo wanaobeba ule ungaunga kutoka ua moja kwenda jingine. Kesho mchana limeshakuwa kahawia, liko chini. Tunapita chini ya mibuyu miaka yote, wengine tunaharakisha kwa kuogopa, na juu kuna sherehe ya usiku mmoja.

Yule mama alisikiliza yote haya akiwa kwenye stuli, mwisho akachukua asumini mbili za kwenye viriba. Nikampelekea mwenyewe kesho yake asubuhi, nikamchimbia na mashimo, karibu na dirisha la chumba chake. Uwanja ulikuwa mwekundu wote, kashafagia nusu, lundo liko pembeni. Nikaokota ua moja zima la mkrismasi nikamwekea kiganjani, nikamwambia hesabu petali. Tano. Nne nyekundu, na ya tano je? Akaisogeza karibu, akaenda ndani kufuata miwani, akarudi. Ya tano ni nyeupe, ina njano njano, na imechorwa mistari na vidoa vyekundu kama mtu kakaa na kalamu. Mti huu ulitoka Madagaska na petali yake hiyo moja kila ua.

"Miaka yote nafagia haya," akasema.

Akamwita mjukuu wake. Tukachuchumaa watatu kwenye lundo, tukaokota jingine, na jingine, na jingine, yote vilevile, mpaka mtoto akaanza kuzichambua zile za tano pekee na kuzipanga kwenye ngazi.