Usanifu wa kisasa maana yake nini hasa

Wengi wakisikia "usanifu wa kisasa" wanawaza jumba la vioo lililojengwa juzi, kumbe hilo ni jina la fikra, wenyewe wanaiita modanizimu, na ina miaka mia na ushee sasa.

Chimbuko ni Ulaya. Baada ya vita ya kwanza ya dunia Ujerumani ilikuwa na shida kubwa ya nyumba, wafanyakazi wamebanana kwenye vyumba visivyoingia jua wala hewa, ndo wasanifu kama Walter Gropius, mwanzilishi wa Bauhaus (1919), shule ya sanaa na usanifu, wakaanza kusema gari linatoka kiwandani kwa bei poa, kwanini nyumba isiwe hivyo? Msanifu mwenzao Le Corbusier yeye akaiita nyumba mashine ya kuishi. Na msanifu Adolf Loos wa Vienna alishasema kabla yao kwamba nakshi ni kumchosha fundi bure, hapo Mzanzibari na mlango wake wa kuchonga lazima acheke.

Kwahiyo ule ukuta mtupu na paa bapa unaouona kwenye majengo ya fikra hii sio ubahili, ni msimamo. Angalia jiko la Frankfurt, Ujerumani, la mwaka 1926, msanifu Margarete Schütte-Lihotzky alikaa akahesabu mpaka hatua anazopiga mama akipika, akabana kila kitu kwenye chumba cha kama mita 1.9 kwa 3.4 ili mama apate muda wa mambo yake. Hiyo ni siasa kabisa, ila imevaa aproni.

Lakini usidhani ni ya mrengo mmoja. Wanazi waliibana Bauhaus mpaka ikafungwa 1933, wakati huohuo mafashisti wa Italia wakajijengea ofisi ya chama pale Como kwa mtindo huohuo, nyeupe, kavu, haina hata ua moja.

Kwetu Zanzibar ilishika kasi baada ya mapinduzi ya 1964. Serikali ya Karume ikisaidiwa na Ujerumani Mashariki ikapandisha maghorofa Kikwajuni, Kilimani, halafu yale marefu ya Michenzani ambayo watu wanayaita matreni. Wazo lilikuwa zuri, mnyonge wa Ng'ambo, upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe, naye apate maji, umeme na choo cha ndani. Shida mchoro ulikuja bila baraza ya kukaa nje ya mlango, mtu aliyezoea kufungua mlango akaangukia kwenye salamu na kahawa, sasa akifungua anakutana na ngazi.