Mapovu kwenye resini: kausha kwanza, mashine baadaye

Anayenitumia picha ya kipande cha modeli kilichoharibika, alichokimimina mwenyewe kwa resini (plastiki ya maji inayoganda ndani ya kalibu), huwa ameshaamua ugonjwa na dawa yake. Kipande kimejaa matundu, kwa hiyo ni hewa ya kukoroga, kwa hiyo anataka kujua mashine ya kuvuta hewa inauzwa wapi na kwa bei gani. Jamani, ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, msinunue mashine kabla hamjakausha vitu vyenu. Mengi ya mapovu mnayonionyesha hayatokani na hewa. Yanatokana na maji.

Resini tunayomiminia vipande hivi ni poliyurethani. Kopo moja lina polioli, la pili lina isosianeti. Isosianeti ikikutana na maji hutoa gesi ya kaboni dayoksaidi, na inaitoa wakati resini imeshaanza kuwa nzito, kwa hiyo gesi haina pa kutokea. Kipande kinaumuka kama andazi, kinapanda juu ya mdomo wa kalibu, na ukikikata unakuta vitundu vidogo vidogo kimo chote. Hewa ya kukoroga haina tabia hiyo. Yenyewe hukwama kwenye kona, kwenye ncha, upande wa juu wa kalibu, na kwingine kote kipande kinakuwa kigumu na kizima. Basi chukua msumeno, kata kipande kibovu katikati, ukitazame kabla hujaniandikia.

Tuseme una modeli ya ndege ya abiria, Dash 8 Q300, ya kipimo cha 1/72 na unataka kuigeuza iwe Q400, aina ambayo Air Tanzania inairusha. Hiyo ni kazi kubwa. Ndege ya Q400 ina urefu wa mita 32.8, ya Q300 mita 25.7, kwa hiyo unatafuta karibu sentimita 10 za bodi kwenye modeli. Maganda ya injini lazima yachongwe upya yafuate injini ya Q400, PW150A, na propela inatoka mapanga manne inakwenda sita. Propela hiyo kwenye ndege yenyewe ina kipenyo cha mita 4.1, kwako ni milimita 57, na ukingo wa kila panga ni mwembamba kiasi kwamba kitundu kimoja kinatosha kulivunja wakati wa kupiga msasa. Mtu anakesha na plastikadi (karatasi ngumu za plastiki) na waya wa shaba mpaka masta, yaani kipande cha kwanza kinachotolewa kalibu, inapendeza, kisha anaimiminia kalibu yake resini iliyolowa. Inaniuma kweli.

Maji yanatoka wapi? Anza na kopo linalofunguliwa msimu wa mvua, hewa nzito, likaachwa wazi huku mwenyewe anahangaika na mizani. Halafu vikombe vya karatasi na vijiti vya mti, vyote vinanyonya unyevu na kuutunza. Kalibu iliyooshwa asubuhi ikatumika mchana. Rangi ya maji iliyotiwa ili kipande kiwe kijivu. Jasho la mkono.

Na friji. Sijui nani alianza kueneza kwamba resini ikae kwenye friji isiharibiwe na joto la pwani. Kopo la baridi ukilitoa linatoa jasho nje, na ukilifungua papo hapo linatoa jasho ndani, juu ya isosianeti yenyewe. Kama umeshaliweka humo, lisubiri lirudi joto la chumba likiwa limefungwa. Bora zaidi, likae kabatini.

Kupima ni rahisi. Changanya kiasi kidogo kwenye kikombe cha plastiki kikavu, uiache igande humo humo. Ikiumuka, kopo limelowa, na isosianeti iliyolowa haina tiba. Ikiganda safi, mkosaji ni kalibu. Iweke kwenye oveni ya moto mdogo, nyuzi 60 hivi, kwa saa moja, umimine ikiwa vuguvugu. Makopo yafunge mara tu unapomaliza kupima, uyaweke ndani ya ndoo yenye mfuniko unaobana pamoja na vile vipakiti vya silika jeli vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Navyo vikaushe kwanza, maana vimeshakunywa unyevu wa huku. Nunua makopo madogo hata kama bei yake inauma. Kazi ya vipande vingi ipange Juni hadi Septemba, na umimine mchana, si alfajiri. Joto la mchana litakupunguzia dakika za kumimina, basi changanya kidogo kidogo.

Sasa mashine. Ya kuvuta hewa inafaa sana kwa silikoni ya kutengenezea kalibu, kabla hujaimwaga juu ya masta, ila resini iliyolowa ukiivutia hewa inafura zaidi. Chungu cha shinikizo, kile kinachojazwa upepo wa kompresa kalibu ikiwa ndani, hakiondoi viputo, kinavibana mpaka visionekane. Watu hutumia psi (kipimo cha shinikizo, kama cha matairi) 40 hadi 60, na kalibu nayo lazima iwe imegandia ndani ya shinikizo hilo hilo, la sivyo viputo vya kwenye silikoni vitabonyea na kipande kitoke na vipele. Kompresa ya gereji ya matairi inaleta maji pamoja na upepo: fungua koki ya chini ya tangi uyamwage kwanza. Sufuria ya presha ya jikoni imetengenezwa kwa psi 15 hivi. Usithubutu kuijaza upepo wa kompresa, italipuka mbele ya uso wako.

Wengine wananiambia: “Zidisha hadina (dawa ya kugandisha) iwahi kukauka.” Hiyo imetoka kwa mafundi wa boti za faiba, na kwao ina maana, kwa sababu hadina ya poliesta ni kichochezi tu. Kwenye poliyurethani makopo yote mawili ni kiungo. Ukizidisha moja, ziada inabaki bila mwenza, na kipande kinanata au kinakatika kama biskuti. Soma lebo, na uangalie inasema uzito au ujazo.

Resini yenyewe ya boti, poliesta, nayo waachieni mafundi wa boti wa Mikindani. Inasinyaa, inakula kalibu haraka, na stairini iliyomo inayeyusha plastiki ya modeli. Silikoni ya kuzibia bafu, ile yenye harufu ya siki, inakaukia nje tu. Donge nene hubaki bichi ndani kwa siku nyingi. Gundi ya modeli haishiki resini, tumia supa gluu au epoksi, baada ya kuosha kipande kwa sabuni. Masta ya mti inakubalika, na wachongaji wa Kimakonde wana mikono ya kuwatosha wote, lakini ipige vanishi mpaka vinyweleo vizibe, vinginevyo silikoni inang’ang’ania na kuchanika.

Piga msasa wa maji, vaa barakoa. Na ninyi mnaofunga madirisha ili unyevu usiingie, fungueni leo hii. Mvuke wa isosianeti unaleta pumu, na kifua kikishaukataa, hata kiasi kidogo sana kitakubana. Feni ielekezwe nje. La kufungwa ni kopo.