Kupasua mbao si kukata mbao

Juzi nilimwachia kijana wa karakana mbao ya mbili kwa nne, futi 12, nikamwambia: "Ikate katikati." Nilitaka mbao mbili za mbili kwa mbili, kila moja futi 12. Niliporudi nikakuta vipande viwili vya futi 6. Kijana hana kosa. Nilimwambia akate, akakata.

Kukata ni kupitisha msumeno kuvuka nyuzi za mti. Kupasua ni kuupitisha ukifuata nyuzi, kwa urefu wa mbao. Maana ndiyo hiyo.

Kinachoniudhi ni kwamba lugha yetu ilishatofautisha mambo haya zamani, sisi ndio tunayachanganya. Sikiliza watu wanavyosema: *kukatiza* barabara, *njia ya mkato*. Kata inavuka. Pasua nayo imekaa pamoja na bandua, zibua, chomoa, vitenzi vya kuachanisha vilivyoshikana. Kitu kinachopasuka hufuata ufa wake. Ndiyo maana wanaogeuza magogo kuwa mbao kule Mufindi na Njombe huitwa wapasuaji. Sijasikia mtu akiwaita wakataji, kwa sababu mkataji ni yule anayeangusha mti. Hata misumeno ya mkono ilikuwa miwili: wa kupasulia meno yake ni kama patasi ndogo, wa kukatia ni kama ncha za visu.

Sasa umekuja msumeno duara wa umeme wa kushika mkononi, tunauita "mashine" tu, na kila kitu kimekuwa "kukata". Nimeona video ya "kukata mbao kwa usalama" ambayo mwanzo hadi mwisho jamaa anapasua, tena kwa bledi (lile duara la chuma linalozunguka) ya meno 60, moshi unafuka, naye anazidi kusukuma. Kwa bledi ya inchi saba na robo, kupasua kunataka meno machache, 24 hivi, yenye nafasi ya kutoa maranda marefu. Meno mengi ni ya kukatia, yanaacha ncha safi.

Hatari nazo hazifanani. Unapopasua, hasa mbao mbichi, mti hujikunja na ile njia nyuma ya bledi hujifunga. Bledi ikibanwa, mashine hurudi kwako kwa teke. Dawa yake ni kabari ndogo kwenye njia, na mbao iliyonyooka ya kuongozea, iliyofungwa kwa klampu (kibano). Unapokata, teke hutoka kwingine: umeegemeza mbao ncha zote mbili, ukakata katikati, ikabonyea na kubana bledi. Acha kipande kinachotoka kiwe huru kuanguka. Kwa kazi zote mbili, shusha bledi hadi meno yatokeze kidogo tu chini ya mbao, na simama pembeni ya mstari wake. (Na kile kikinga cha chini mnachokifunga kwa waya ili kisisumbue, kifungueni. Kimewekwa kwa ajili ya mapaja yenu.)

Jamaa wa video ana mkono mtulivu na miwani amevaa, sina ugomvi naye. Abadilishe bledi, na kwenye kichwa cha video aandike "kupasua". Nami kijana wangu nimeshamwambia upya, safari hii kwa mbao nyingine.