Ile stori ya stesheni ya mwanafunzi mmoja Japani, jamani inatosha

Mimi napangia watu safari za Japani, na kila nikikaa kidogo anatokea mteja anataka nimpeleke kwenye "ile stesheni waliyoiacha kwa ajili ya mwanafunzi mmoja". Eti shirika la reli walishaamua kuifunga, wakamwona binti anaenda shule, wakasema treni iendelee hadi amalize. Halafu lazima amalizie, "ingekuwa huku kwetu je?"

Haya. Inaitwa Kyu-Shirataki, siyo Kami-Shirataki kama mnavyoforwadiana, iko Hokkaido, kisiwa cha kaskazini, kwenye reli ya Sekihoku. Mwanafunzi alikuwepo, hilo sibishi. Ila reli yenyewe ina kilomita 234 hadi Abashiri, inapitisha ekspresi na msimu wa mavuno treni ya mizigo ya vitunguu vya Kitami, kwa hiyo binti awepo asiwepo treni zingepita tu. Kyu-Shirataki ilikuwa kituo kidogo cha tangu 1947, kibanda cha mbao basi.

Sasa hapa ndipo watu wanaponichosha: JR, yaani kampuni kubwa za reli za Japani, hubadilisha ratiba kila Machi, na mwaka wa shule Japani unaisha Machi hiyo hiyo, kwa hiyo stesheni yoyote ikifungwa kwenye ratiba mpya lazima igongane na mahafali ya mtu fulani! Ilifungwa tarehe 26 Machi 2016 pamoja na majirani zake Kami-Shirataki na Shimo-Shirataki, sababu abiria wachache mno. Stori iliposambaa Januari mwaka huo mpango wa kuzifunga ulishajulikana. Na hizo mbili nyingine, zilisubiri mahafali ya nani?

Ukweli ni kwamba Japani inafunga reli za vijijini kila mara, na haina huruma hiyo mnayoisema. Reli ya Hidaka, hapo hapo Hokkaido, Januari 2015 mawimbi ya bahari yalikula tuta, treni zikasimama, wakapiga hesabu za matengenezo miaka na miaka, Aprili 2021 kipande cha Mukawa mpaka Samani kilomita zaidi ya 100 kikafutwa, watu wakapewa basi. Tawi la reli la Yubari, Hokkaido hiyo hiyo, lilishatangulia 2019. Hizo mbona hamzishei?

Wateja wana maneno mengine pia. "Reli ndogo zinaishi kwa ruzuku tu." Siyo zote jamani. Choshi Dentetsu, reli ndogo kule mkoa wa Chiba, kilomita 6.4, ipo tangu 1923, mwaka 2006 ilikosa hela ya ukaguzi wa treni ikaomba watu mtandaoni wanunue nure senbei zake, zile biskuti za mchele zilizolowekwa sosi ya soya. Watu wakanunua kweli, na siku hizi vitafunwa vinaiingizia hela kuliko nauli.

"Nina pasi ya JR, napanda popote." Choshi Dentetsu siyo JR, lipa nauli.

"Nagusa kadi ya nauli tu." Huko vijijini ndani ndani treni nyingi ni behewa moja la dizeli, dereva peke yake hana kondakta. Unapanda mlango wa nyuma, unachomoa kikaratasi chenye namba, ukikaribia kushuka unaangalia ubao juu ya dereva namba yako inadaiwa shilingi ngapi, samahani yen ngapi, unatumbukiza kikaratasi na sarafu kwenye boksi. Chenji ichukue mapema treni ikiwa imesimama, na usije na noti ya yen 10,000, mashine haiimezi na wenzako nyuma wanasubiri kushuka.