Trauti wanavyoishi chini ya barafu

Katika maziwa mengi ya Kanada na kaskazini mwa Marekani, barafu hufunika maji kwa miezi kadhaa, na samaki aina ya trauti hubaki humo humo wakiogelea na kula. Baridi wanaimudu. Kinachowaua ni kukosa oksijeni.

Maji matamu huwa mazito kuliko yote yakifika karibu nyuzi 4 za Selsiasi. Kabla ya majira ya baridi, maji ya juu hupoa na kuzama, upepo ukiyachanganya, hadi ziwa zima linakaribia nyuzi hizo. Yakizidi kupoa huwa mepesi, hubaki juu na kuganda. Ndiyo maana chini kuna nyuzi 4 huku maji yanayogusa barafu yakiwa sifuri. Damu ya trauti, kwa chumvi zilizomo, haigandi hata kwenye sifuri. Joto la mwili wake hufuata la maji: mapigo ya moyo hupungua, chakula hukaa tumboni siku kadhaa, na mahitaji yake ya oksijeni hushuka sana.

Kule kuchanganyika kwa maji ndiko kunakojaza ghala la oksijeni. Maji ya nyuzi 0 hubeba hadi miligramu 14.6 za oksijeni kwa lita. Ya nyuzi 20, yapata 9 tu. Barafu ikishafunga, upepo hauongezi kitu. Wanabaki mwani na mimea ya majini, ambayo hutoa oksijeni ikipata mwanga. Barafu angavu hupitisha mwanga wa kutosha, lakini theluji nene ikilala juu yake huuzuia. Mimea hufa, bakteria kwenye tope huiozesha, na oksijeni huanza kuisha kutokea chini. Trauti husukumwa juu, mita kwa mita, mpaka wanabanwa kwenye tabaka jembamba chini ya barafu. Oksijeni ikipungua miligramu 5 kwa lita, huanza kutaabika. Zikikaribia 2, wengi hufa. Ziwa lenye kina huokolewa na wingi wa maji yake. Bwawa la mita mbili lililojaa magugu ndilo la kuchungwa.

Kupima, toboa barafu, shusha kipimo cha oksijeni na usome kila nusu mita. Usomaji mmoja wa juu utakudanganya. Mashine ya kupuliza hewa iwashwe mapema. Ukichelewa, mapovu huyapandisha maji mabovu ya chini na kuharibu hata yale machache mazuri. Mpira unaopeleka hewa majini usiuweke kwenye kina kirefu zaidi, utapoza maji ya chini yenye joto kidogo. Eneo la mapovu liwekewe uzio, kwani barafu yake huwa nyembamba na mtu anaweza kutumbukia.

Mizoga huonekana barafu ikiyeyuka, kwa kuwa kwenye maji ya baridi samaki aliyekufa huchelewa kuvimba na kuelea. Wenye mabwawa wengi hudhani samaki wamekufa Aprili, kumbe walikufa Februari, na Februari ndiyo ya kupima.