Sumaku haipunguzi yuniti: usumaku na sumakuumeme kwa wanafunzi wa sekondari

Kila ukaguzi wa mita unapopita mitaani, swali moja huletwa kwetu na watu wazima na wanafunzi vilevile: je, ni kweli sumaku ikibandikwa kwenye mita ya LUKU, yaani ya kulipia umeme kabla ya kuutumia, yuniti hazitembei? Wapo wanaoziuza sumaku hizo mitandaoni, na wapo vishoka, yaani mafundi wasio rasmi, wanaopita nyumba kwa nyumba wakiahidi "kutuliza mita". Kisheria jibu ni fupi: ni kosa. Kwa mwanafunzi wa fizikia jibu hilo halitoshi, kwa sababu ndani ya mita, ndani ya transfoma iliyo juu ya nguzo na ndani ya mitambo ya kuzalisha umeme ya Kidatu zinafanya kazi kanuni zilezile mnazosoma darasani. Mwanafunzi aliyezielewa anaweza kumwokoa mzazi wake na hasara. Kwa hiyo nitaanza na fizikia, kisha nieleze utaratibu wa ukaguzi.

Habari za ncha ya kaskazini na ya kusini, kuvutana na kusukumana, naamini mnazijua. Jambo ambalo wengi hawalishiki vizuri ni kwa nini msumari wa kawaida si sumaku na unaweza kuwa sumaku. Ndani ya chuma kuna maeneo madogo mno, na kila eneo ni sumaku kamili yenye ncha zake. Katika msumari uliotoka dukani maeneo hayo yameelekea huku na huko, basi nguvu zao zinafutana. Ukiusugua kwa sumaku kwa upande mmoja tu, au ukiuweka ndani ya koili (waya uliozungushwa mara nyingi) yenye umeme, maeneo hayo hujipanga kama waumini kwenye safu za swala, wote wakielekea upande mmoja. Ukiupiga nyundo au ukiuchoma hadi uwe mwekundu sana, safu zinavunjika. Chuma kikifika nyuzi 770 za Selsiasi hupoteza kabisa tabia hiyo ya usumaku.

Sumaku haivuti kila metali. Inavuta chuma, nikeli na kobalti, pamoja na aloi zake nyingi. Shaba haivutwi, aluminiamu haivutwi, dhahabu haivutwi. Mnunuzi wa chuma chakavu anayetembea na kipande cha sumaku mfukoni analijua hili kuliko wanafunzi wengi wanaolikosea kwenye mtihani.

Na sumaku haivuti umeme. Hapa naomba nieleweke, kwa sababu dhana hii ndiyo mama wa biashara yote ile ya sumaku za mita. Watu wanafikiri umeme ni kitu kinachotiririka kwenye waya na kwamba sumaku inaweza kukinyonya pembeni kabla hakijahesabiwa. Uga wa sumaku husukuma chaji iliyo katika mwendo, na huisukuma kwa pembe mraba na mwendo wake. Msukumo wa namna hiyo hubadilisha mwelekeo wa chaji tu. Hauiongezei wala hauipunguzii nishati. Pasi yako ya wati 1,000 itaendelea kula wati 1,000 hata ukiizungushia sumaku duka zima.

Uhusiano wa umeme na sumaku ulionekana waziwazi mwaka 1820, pale Hans Christian Ørsted wa Copenhagen alipoona sindano ya dira ikigeuka karibu na waya wenye mkondo. Jaribio hilo mnaweza kulirudia kwa betri moja ya tochi na dira. Laza waya juu ya dira kuelekea kaskazini na kusini, yaani sambamba na sindano, kisha gusisha betri kwa sekunde mbili tatu. Sindano inageuka. Geuza betri, nayo inageukia upande wa pili. Wanafunzi wengi huulaza waya kuelekea mashariki na magharibi, sindano isipogeuka wanaandika kwamba jaribio limeshindikana. Halijashindikana. Waya ukikaa hivyo, uga wake unaangukia kwenye mstari uleule wa sindano, na sindano haina sababu ya kugeukia pembeni.

Waya mmoja una uga dhaifu. Ukiuzungusha ukawa koili, uga wa kila mzunguko unajumlishana na wa mwenzake, na ukiweka chuma katikati unaongezeka maradufu kwa maradufu. Hiyo ndiyo sumakuumeme. Chukua msumari wa inchi sita na waya mwembamba wa shaba uliotolewa kwenye mota au redio mbovu, zungusha mizunguko 50 au zaidi kwa upande mmoja, unganisha na betri ya volti 1.5. Waya huo una rangi ya kahawia inayong'aa ambayo ni vanishi ya kuzuia umeme usirukie mzunguko wa jirani. Usipoikwangua kwenye ncha zote mbili hakuna kitakachotokea. Usiuache ukiwa umeunganishwa kwa muda mrefu, utachemka na betri itaisha. Na usiuchomeke kwenye soketi ya ukutani kwa hali yoyote. Volti 230 kwenye waya mfupi namna ile ni moto na mauti. Mwalimu awepo, na chanzo cha umeme kiwe betri tu.

Sasa upande wa pili wa shilingi, ambao ndio unaowasha taa zenu. Tarehe 29 Agosti 1831 jijini London, Michael Faraday alizungusha koili mbili kwenye pete moja ya chuma. Moja aliiunganisha na betri, nyingine na kifaa cha kuonyesha mkondo. Sindano ilishtuka alipounganisha betri, ikatulia, ikashtuka tena kwa upande wa pili alipoiondoa. Wakati mkondo ulipokuwa ukipita bila kubadilika, sindano haikusogea. Umeme unazaliwa pale tu uga wa sumaku unapobadilika ndani ya koili, na ukubwa wa volti unategemea kasi ya mabadiliko hayo na idadi ya mizunguko. Mfano: koili ina mizunguko 200, na mtiririko wa sumaku unaopita ndani yake unabadilika kwa weba 0.003 (weba ni kipimo cha mtiririko huo) katika sekunde 0.1. Zidisha 200 kwa 0.003, gawanya kwa 0.1, unapata volti 6. Sumaku kali kuliko zote ikikaa tuli pembeni ya koili inatoa volti sifuri. Anayeuza "jenereta ya sumaku isiyotumia mafuta wala maji" anauza kitu ambacho hakiwezekani.

Mwaka 1834 Heinrich Lenz akakamilisha: mkondo unaozaliwa hupinga mabadiliko yaliyouzaa. Liangalieni hili kwa macho. Tafuta bomba la aluminiamu au shaba lenye urefu wa mita moja, dondosha ndani yake sumaku ndogo yenye nguvu. Aluminiamu haivutwi na sumaku, hilo tumeshakubaliana, lakini sumaku itashuka polepole utadhani inapita kwenye asali. Inaposhuka inabadilisha uga ndani ya ukuta wa bomba, mikondo ya duara inazaliwa kwenye ukuta huo, na mikondo hiyo inaivuta breki. Dondosha kipande cha chuma kisicho sumaku chenye ukubwa uleule, kinafika chini mara moja.

Kwa kanuni hizo mbili nchi nzima inapata umeme. Kidatu, kwenye Ruaha Mkuu, maji yanazungusha mashine nne za megawati 51 kila moja. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Rufiji lina mashine tisa za megawati 235, jumla megawati 2,115. Kinachozunguka ndani ya mashine hizo ni sumakuumeme kubwa, na koili zimeizunguka zikiwa zimetulia. Ili umeme uwe wa mizunguko 50 kwa sekunde, kasi ya mashine inafungwa na idadi ya ncha zake: mashine yenye ncha 16 lazima izunguke mara 375 kwa dakika. Zidisha 375 kwa jozi nane za ncha, gawanya kwa 60, utaipata 50.

Umeme huo hausafirishwi kwa volti 230, nao wananchi wengi hawajui sababu. Nishati inayopotea kwenye nyaya huenda kwa mraba wa mkondo. Ukipandisha volteji kutoka 11,000 hadi 220,000, kwa nguvu ileile mkondo unapungua mara 20, na upotevu kwenye waya uleule unapungua mara 400. Kazi ya kupandisha na kushusha hufanywa na transfoma, ambayo ni ile pete ya Faraday iliyokua. Kwenye transfoma ya mtaani kila koili ya upande wa juu inapokea volti 11,000 na ya upande wa chini inatoa 230, kwa hiyo ya juu ina mizunguko takriban 48 kwa kila mzunguko mmoja wa chini. Chuma chake cha katikati si bonge. Ni mabati membamba yaliyotengwa kwa vanishi, ili ile mikondo ya duara mliyoiona kwenye bomba isikichemshe. Mngurumo mnaousikia chini ya nguzo ni chuma hicho kikirefuka na kufupika kidogo sana mara 100 kwa sekunde, mara mbili kwa kila mzunguko wa umeme. Si dalili kwamba "inavuta umeme wa mtaa", kama tulivyowahi kuandikiwa. Na mafuta yaliyomo ni ya kupooza na kuzuia umeme. Si ya kukaangia. Transfoma za zamani zinaweza kuwa na kemikali za sumu kwenye mafuta hayo, na anayeyafyonza anaunguza koili na kuacha mtaa, zahanati na kisima gizani.

Twende kwenye mita. Mita ya kisahani, ambayo bado ipo kwenye nyumba kadhaa, ni kazi ya Ottó Bláthy wa Budapest, mwaka 1889. Kisahani ni cha aluminiamu. Koili ya volteji na koili ya mkondo kwa pamoja huzalisha ndani yake mikondo ya duara inayokizungusha, na sumaku ya kudumu iliyopo ndani ya mita hukifunga breki kama ile ya kwenye bomba. Kani ya kuzungusha inafuata nguvu unayotumia. Breki inafuata kasi. Ndiyo maana kasi ya kisahani inalingana sawasawa na matumizi. Kama mita imeandikwa mizunguko 600 kwa yuniti, yaani kwa kilowati-saa moja, na kisahani kinamaliza duara kwa sekunde 6, nyumba inatumia wati 1,000. Pimeni wenyewe kwa saa ya mkononi.

Mita za LUKU hazina kisahani. Nyingi hupima mkondo kwa kuupitisha kwenye kipande cha aloi chenye ukinzani mdogo sana, kisha saketi inasoma tofauti ndogo ya volti kwenye ncha zake. Hapo sumaku haina la kufanya. Zipo zinazotumia transfoma ndogo ya mkondo, ambayo uga mkali unaweza kuuvuruga usomaji wake, na watengenezaji wanalijua hilo: huwekwa kinga ya chuma na kihisi cha sumaku. Kihisi kikiona uga usio wa kawaida, mita huandika tukio kwenye kumbukumbu yake pamoja na tarehe na saa, na nyingi hukata umeme hapohapo. Kuurudisha kunahitaji namba maalumu ya tarakimu 20 inayotolewa na shirika la umeme, TANESCO, baada ya ukaguzi. Kuiondoa sumaku asubuhi wakaguzi wanapokuja hakufuti kilichoandikwa usiku.

Utaratibu wa ukaguzi ni huu. Mkaguzi lazima aonyeshe kitambulisho, na mwananchi ana haki ya kukiomba na kupiga simu kuthibitisha kabla hajafungua geti. Mkaguzi ataangalia lakiri, yaani kifungo cha kuzuia mita isifunguliwe, na kulinganisha namba zake na za kwenye rekodi. Lakiri ikiwa imekatwa, au mita ikiwa na alama ya kuchezewa, atajaza fomu mbele ya mteja au mtu mzima aliyepo, mteja atasoma kabla ya kutia saini, na nakala inabaki nyumbani. Mita itafungwa kwenye mfuko wenye lakiri mpya na kupelekwa kupimwa. Kwenye meza ya kupimia inaunganishwa pamoja na mita ya marejeo, yaani mita sahihi ya kulinganishia, inapimwa kwa mzigo mdogo, wa kati na mkubwa, kisha kumbukumbu yake inasomwa. Mita ya daraja la 1 kwa mzigo wa kawaida inaruhusiwa kukosea asilimia 1, juu au chini. Ikithibitika imechezewa, mteja hukatiwa huduma, hukadiriwa umeme ambao haukuhesabiwa na kutakiwa kuulipa pamoja na gharama ya mita, na anaweza kushtakiwa chini ya Sheria ya Umeme. Anayewajibika ni mwenye akaunti, hata kama sumaku ililetwa na kishoka aliyekwisha kutoweka. Mpangaji ambaye jina lake halipo kwenye akaunti amweleze mwenye nyumba mapema na kwa maandishi.

Anayeamini mita yake inakimbia aandike malalamiko kwa shirika, atake mita ipimwe, na asiporidhika apeleke malalamiko EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, akiwa na nakala ya barua ya kwanza. Kabla ya hapo ahesabu: birika la wati 2,000 likichemka kwa nusu saa limekula yuniti nzima. Visanduku vya kuchomeka ukutani vinavyouzwa kama vya kupunguza bili mara nyingi vina kapasita tu, yaani kifaa cha kuhifadhi chaji kwa muda. Mita ya nyumbani inahesabu nishati halisi, na kapasita haibadilishi nishati ambayo jokofu lenye mpira wa mlango uliochoka linatumia.

Shule inayohitaji mita ya kisahani kwa ajili ya maabara iandike barua kupitia kwa mkuu wa shule, ikitaja jina la mwalimu wa fizikia atakayeipokea. Mita zilizoondolewa kwenye huduma hutolewa zikiwa zimefunguliwa kifuniko na kufutwa kwenye rekodi, na mwalimu anatia saini kwamba hazitaunganishwa na umeme wa ukutani. Sumaku ya breki iliyomo ni nzuri kwa jaribio: zungusha kisahani kwa kidole, uone kinavyosimama, kisha mtoe sumaku hiyo mkizungushe tena.