Namba za Los Angeles, umeme wa Mtwara

Vijana wanaoshuti harusi na video za muziki hapa Mtwara siku hizi wanafundishwa na mabingwa bila kupanda basi. Mafunzo ya video yamejaa mtandaoni, na mengine ni ya bure. Roger Deakins, Mwingereza mwenye Oscar mbili za upigaji picha, ana podikasti anayoiendesha na mkewe James tangu 2020. Sisi tulioanza na kamera za kanda hatukuipata bahati hiyo. Ila kila nikitazama kazi zao nakuta makosa yaleyale, na mengi niliyafanya mimi kwanza. Hizi hapa dhana potofu zinazoyazaa.

Dhana: Mtaalamu akitaja namba, iweke kama ilivyo.

Dhana hiyo iliniharibia harusi nzima. Nilikuwa nimetoka kutazama somo la Mmarekani mmoja: fremu (yaani picha) 30 kwa sekunde, shata (muda ambao kamera huacha mwanga uingie kwa kila fremu) 1/60 ya sekunde. Nikaingia nayo ukumbini. Usiku nafungua kompyuta, bibi harusi anatambaliwa na mistari ya giza mwili mzima. Nikalaumu kamera.

Kamera haikuwa na kosa. Umeme wa Marekani ni wa hezi 60, yaani mizunguko 60 kwa sekunde, wetu ni wa hezi 50. Taa za tyubu na LED nyingi za bei rahisi hung'aa na kufifia mara mbili kwa kila mzunguko: mara 120 kwa sekunde kwao, 100 kwetu. Shata ya 1/60 kwao hubeba mipigo miwili kamili. Kwetu hubeba mmoja na kipande, na hicho kipande ndicho kinachozaa mistari. Hapa weka fremu 25, shata 1/50. Yule mwalimu alikuwa anafundisha kanuni sahihi kabisa, kwamba shata ikae wazi nusu ya muda wa fremu ili mwendo uonekane wa kawaida. Mimi nilishika namba, kanuni nikaiacha kwenye simu. (Umeme ukikatika na jenereta ikawashwa, jaribu upya kabla keki haijakatwa. Jenereta iliyochoka haitulii kwenye 50.)

Dhana: Jioni una saa nzima ya mwanga mtamu.

Anayefundisha akiwa London mwezi wa Juni anaweza kukaribia kusema hivyo, maana kule jua huteremka kwa mshazari. Mtwara tupo kama nyuzi 10 kusini mwa ikweta, na jua letu huzama karibu wima. Kutoka nyuzi 6 juu ya upeo mpaka lipotee ni kama dakika 25 tu. Maharusi wakichelewa kutoka saluni kuja Mikindani, mtamalizia na taa.

Adhuhuri ndiyo balaa zaidi. Karibu na tarehe 20 Oktoba, msimu wa korosho, jua hupita utosini, na hurudi hapo mwishoni mwa Februari. Macho ya mtu yanageuka mashimo. Video za ng'ambo zitakuonyesha vitambaa vipana juu ya stendi za chuma. Jaribu ufukweni uone upepo utavifikisha wapi. Mimi hutumia mkorosho. Matawi yake hutanda chini, kwa hiyo msimamishe mtu ukingoni mwa kivuli, pasipo na madoa ya jua, atazame nje. Mchanga unaong'aa mbele yake ndio rifleta yako, ya kumrudishia mwanga usoni. Na ukitaka kupiga kwenye jua lenyewe kwa f/2.8 (tundu la lenzi likiwa pana), shata 1/50 na ISO 100 (usikivu wa kamera kwa mwanga), tafuta filta ya ND, kile kioo cheusi cha kupunguza mwanga, ya stopu 6; kila stopu hukata mwanga nusu. Ukipandisha shata badala yake, ikafunga upesi zaidi, ngoma ya sindimba itaonekana inakwamakwama.

Dhana: Ngozi ya uso isome asilimia 70 kwenye kipimo cha mwangaza cha kamera.

Kipimo hicho kilizoeleka kwa ngozi nyeupe. Mpandishe Mmakonde hadi 70, ngozi inakuwa ya kijivu na shela linaungua, linabaki weupe mtupu. Iache ikae chini, kisha utafute mng'ao wake kwa mwanga mpana na laini wa pembeni. Dirisha lenye shuka jeupe linatosha.

Dhana: Bila kamera ya mamilioni unajisumbua.

Mwaka 2015 mwongozaji Mmarekani Sean Baker alipeleka Sundance, tamasha la filamu la Marekani, filamu ndefu iliyopigwa kwa iPhone 5s na vilenzi vya kubandika. Tusipoteze muda hapa.

Dhana: Kuokoa bando, tazama kila somo kwa 240p (video ya ubora wa chini).

Kwa maneno matupu, sawa. Kwa somo la mwanga, hapana. Video ikibanwa, vivuli ndivyo huliwa kwanza. Unaona tope jeusi, unadhani mwalimu alilikusudia, halafu unakwenda kulipika kwenye harusi ya watu.

Na kwenye semina za moja kwa moja, 10:00 asubuhi ya Los Angeles si saa kumi yetu. Ni saa mbili usiku, au saa tatu wao wakirudisha saa zao nyuma. Mdogo wangu mmoja wa Lindi aliamka saa kumi alfajiri, akakodolea simu mpaka kuku wakatoka bandani.